Saa 96 za Yai la Chura

"Wote wazima," alisema rafiki yangu, akaandika sifuri kwenye safu ya vifo.

Mimi nilikuwa bado nimeinamia hadubini. Kwenye kisahani cha kwanza viluwiluwi wachanga walikuwa wametulia katika maji safi, ngozi zao zikipitisha mwanga kiasi cha tumbo zima kuonekana kwa ndani: utumbo umejiviringa kwa mpangilio, duara juu ya duara. Kisahani cha pili kilikuwa na maji yaliyotiwa kadimiamu, metali yenye sumu. Humo nako walikuwa hai. Moyo ulikuwa unapiga. Ukimgusa mmoja kwa ncha ya bomba la kunyonyea, anakurupuka. Lakini utumbo wake ulikuwa fundo lililopinda mara moja likaishia hapo, mkia ulikuwa umepiga pembe mahali ulipopaswa kunyooka, na moyo ulikuwa umezungukwa na uvimbe wa maji, mwangavu, mkubwa karibu sawa na kichwa.

"Na huyu naye tumhesabu mzima?" nikamuuliza.

"Kwa jaribio hili, ndiyo. Linauliza nani amekufa."

Alijibu sawasawa. Jaribio lile liliandikwa kuuliza hivyo, na yeye hulifuata kwa uangalifu ninaouheshimu. Hata hivyo jibu lake limekaa nami wiki kadhaa. Nimesoma, nimeandika, nimefuta, nimesoma tena. Kila nikidhani nimelimaliza, narudi kwenye ile sifuri.

Sifuri ya nini hasa?

## Swali linaloulizwa

Vipimo vingi vya sumu ya maji huanzia hapo. Unachukua kemikali, unaitia majini kwa viwango mbalimbali, unasubiri saa 96, kisha unatafuta kiwango kinachoua nusu ya viumbe uliowaweka. Nambari hiyo hupunguzwa kwa kiasi fulani cha tahadhari, na mara nyingi ndicho chanzo cha kikomo ambacho baadaye sote tunakiita salama kwa viumbe wa majini.

Mwaka 1983 James Dumont na wenzake walipendekeza jaribio lililoongeza maswali. Linaitwa FETAX, na hutumia viinitete, yaani watoto wanaoanza tu kuumbika kutoka kwenye yai, vya Xenopus laevis, yule chura wa Afrika mwenye makucha kwenye vidole vya miguu ya nyuma. Linauliza nani amekufa, nani ameumbika vibaya, na nani amedumaa. Kiluwiluwi mwenye utumbo uliopinda akapata safu yake kwenye jedwali. Naiona hiyo kuwa hatua kubwa, na ningetamani kila maabara inayopima maji kwa ajili ya viumbe iwe nayo.

Lakini nalo huishia saa 96.

Kwenye maji ya nyuzi joto 23 hivi, kiluwiluwi wa Xenopus aliyefikisha saa hizo ndiyo kwanza anaanza kula. Hana miguu. Tezi zake za uzazi bado hazijawa ovari wala korodani. Kwenye jedwali la Nieuwkoop na Faber la mwaka 1956, ambalo hugawa ukuaji wa chura huyu katika hatua 66, yuko karibu na hatua ya 46, na ile ya mwisho ataifikia takriban miezi miwili tangu yai lilipotungwa. Daftari limefungwa ilhali mwili wenyewe haujamalizwa kuumbwa.

## Yai lisilo na ganda

Yai la ndege lina ganda. Mimba ya mnyama anayenyonyesha ina kondo. Yai la chura lina ute na utando mwembamba, basi.

Kipenyo chake ni milimita 1.2 hivi, upande wa juu mweusi, upande wa chini mweupe kwa wingi wa kiini kitakachokilisha kiinitete. Oksijeni huingia kupitia ute, na taka hutokea humo humo. Hakuna namna ya kuliacha lipumue na papo hapo kulizuia lisiguswe na kilichoyeyuka majini. Ute hunasa sehemu ya metali. Sehemu nyingine hupita.

Kilichonishika zaidi ni kasi. Dakika 90 hivi baada ya kutungwa, yai hugawanyika mara ya kwanza. Kisha hugawanyika tena na tena, karibu kila nusu saa, seli zote zikienda pamoja. Ikifika migawanyiko 12 pana seli zipatazo 4,000. Na mpaka hapo jeni za kiinitete chenyewe karibu zote zimelala. Kazi yote huendeshwa na maagizo ambayo mama aliyaweka ndani ya yai kabla hajalitaga.

Chura mkubwa akikutana na kadimiamu, ini lake huwasha jeni na kutengeneza metalothionini, protini inayoikamata metali na kuishikilia isizurure. Kiinitete cha saa chache hakijaanza kuandika maagizo yake. Kina kile kilichopewa, hakuna kingine.

Kisha huja saa za kuhama. Kuanzia saa ya 10 hivi, seli za nje huanza kuingia ndani, na katika safari hiyo huamuliwa zipi zitakuwa ngozi, zipi misuli, zipi utumbo. Baadaye sehemu ya mgongoni hukunjika na kufunga mrija wa neva, utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Doa likiingia kwenye nguo iliyokwisha kushonwa, hufuliwa. Mkasi ukiteleza kitambaa kinapokatwa, nguo nzima hushonwa na kosa lile. Hivyo ndivyo ninavyoielewa sasa tofauti kati ya sumu iliyomkuta chura na sumu iliyolikuta yai lake.

Tumezoea kusema kwamba kipimo ndicho kinachokifanya kitu kuwa sumu, wazo tulilorithi kwa Paracelsus wa karne ya 16. Kwa kiinitete, saa nayo ina uzito uleule. Huko Argentina, Jorge Herkovits na Cristina Pérez-Coll wametumia miaka mingi kulionyesha hilo kwa viinitete vya Rhinella arenarum, chura wa nchi kavu wa Amerika Kusini. Metali ni ileile, kiwango ni kilekile, na madhara hubadilika kwa kufuata hatua ambayo kiinitete kilikuwa kimefika sumu ilipokikuta.

Kwa hiyo nambari ya kikomo isiyosema "kuanzia hatua gani" inanikosesha amani.

## Metali inayopita kwa jina la nyingine

Ioni ya kadimiamu ina ukubwa karibu sawa na ioni ya kalsiamu, na chaji yao ni ileile. Milango ya seli iliyowekwa kwa ajili ya kalsiamu huipitisha. Na kalsiamu katika kiinitete hufanya kazi kubwa kuliko kujenga mifupa, ambayo hata bado haipo. Manii inapoliingia yai, wimbi la kalsiamu husambaa kutoka sehemu ile hadi upande wa pili, na ndilo linaloliambia yai lianze. Baadaye kalsiamu huongoza misuli kujikunja na moyo kupiga. Kadimiamu ikishaingia hung'ang'ania salfa iliyo kwenye protini, na protini iliyoshikwa hivyo huacha kazi yake.

Madini ya risasi nayo hupita kwa mlango wa kalsiamu. Zebaki ina njia yake: bakteria wa kwenye tope lisilo na oksijeni huigeuza kuwa methilizebaki, ambayo huingia kwenye viumbe kirahisi na kuvuruga vile vijirija vidogo vinavyovuta kromosomu pande mbili seli inapogawanyika. Katika mwili unaogawanya seli zake kila nusu saa, hilo ni pigo mahali panapouma kuliko pote. Shaba huzuia uchukuaji wa sodiamu, na chumvi ya mwili huvuja. Nikeli, kwenye majaribio ya Xenopus, imejulikana kwa kuharibu macho.

Hapa ndipo nilipokwama mara ya kwanza.

Maji yenye kalsiamu nyingi hupunguza ukali wa kadimiamu, kwa kuwa metali hizo mbili hugombania mlango mmoja. Zinki nayo husaidia, na ni hao hao Herkovits na Pérez-Coll walioonyesha kwamba inaweza kukikinga kiinitete dhidi ya kadimiamu. Maji yenye asidi hufanya kinyume: huachia metali zilizokuwa zimeshikamana na udongo na kuziweka huru. Maana yake, mabwawa mawili yanaweza kuwa na mikrogramu zilezile za kadimiamu kwa lita, mayai ya bwawa moja yakaangua na ya lingine yakaharibika. Marekani huzingatia hilo: kikomo chao cha kadimiamu kwa viumbe wa majini hubadilika kulingana na ugumu wa maji. Mahali pengi nambari hunakiliwa peke yake, bila ugumu wa maji uliokuwa nyuma yake, na watu wakaiamini.

## Kilichokuwemo kabla ya maji

Nilipofika hapo nilidhani jambo lote liko kati ya yai na bwawa. Halafu nikasoma habari za South River, jimboni Virginia.

Kiwanda kimoja kando ya mto huo kilitumia zebaki kati ya 1929 na 1950. Miongo mingi baadaye zebaki ilikuwa bado inazunguka kwenye tope, wadudu na wanyama wa bonde lile. Christine Bergeron na William Hopkins walifuatilia vyura wa nchi kavu wa hapo na kukuta kwamba majike huipitisha zebaki kwenye mayai. Kisha walilea viluwiluwi wa akina mama hao, baadhi kwa chakula safi, wengine kwa chakula chenye zebaki. Matokeo yao ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba athari ya mama hujificha na kujitokeza baadaye, na kwamba zebaki ya mama ikikutana na zebaki ya chakula, vifo huzidi vile ambavyo kila moja ingeleta peke yake.

Soma tena hapo penye kujificha.

Jike hutengeneza kiini cha yai kutokana na vitelojenini, protini ambayo ini lake huitoa na damu huipeleka kwenye ovari. Protini hiyo hubeba kalsiamu, zinki na madini mengine ambayo mtoto atayahitaji. Mwili wa mama hauna njia ya uhakika ya kuchuja rafiki na adui humo ndani. Ukichukua mayai kama hayo ukayaweka kwenye maji safi kabisa na kusoma matokeo saa 96 baadaye, unaweza kuandika kwamba maji ni salama, na ukawa umesema kweli juu ya maji.

Juu ya yai utakuwa hujasema kitu.

## Chura anayeisikia homoni yetu

Miaka ya 1930 ulienea ulimwenguni ugunduzi uliohusishwa na Mwingereza Lancelot Hogben, ambaye alikuwa amefanya kazi Cape Town na kuona kwamba Xenopus jike akidungwa dondoo la tezi ya pituitari ya ng'ombe hutaga mayai. Ikaonekana kwamba mkojo wa mwanamke mjamzito hufanya vivyo hivyo. Unamdunga chura, unasubiri saa kadhaa, ukikuta mayai jibu limepatikana. Maabara za nchi nyingi zilifuga vyura hao kwa kazi hiyo mpaka vilipokuja vipimo visivyohitaji mnyama, miaka ya 1960.

Homoni ya kipimo kile ni tofauti na zile zinazosumbua mito leo. Nakitaja kwa sababu moja tu: kwa takriban miongo mitatu binadamu walitegemea, hospitalini kabisa, ukweli kwamba homoni ya mwili wetu huamrisha mwili wa chura. Mshangao tunaouonyesha sasa hauna msingi.

Estrojeni, homoni ya kike, ya chura na ya binadamu ni kitu kimoja, estradioli. Vipokezi vyake katika viumbe hao wawili vinafanana sana. Mwaka 1956 Chang na Witschi walionyesha kwamba viluwiluwi wa Xenopus wakilelewa kwenye maji yenye estradioli hukua wote wakawa majike, hata wale ambao kwa jeni zao walikuwa madume. Majike hao wa kugeuzwa walitaga. Walipopandishwa na madume wa kawaida, watoto wote wakawa madume, kwa kuwa pande zote mbili za uzazi zilikuwa na kromosomu za dume.

Hebu fikiria bwawa zima hapo. Hakuna maiti hata moja inayoelea. Hakuna mkia uliopinda. Jedwali la saa 96 lingekuwa safi toka juu hadi chini, na vizazi viwili mbele hesabu ya majike na madume imeharibika.

Ethinilestradioli, iliyomo kwenye vidonge vingi vya kupanga uzazi, iliundwa makusudi ili isivunjwe upesi mwilini, na hata majini haivunjiki upesi. Huzungumziwa kwa nanogramu, yaani sehemu ya bilioni ya gramu. Kati ya 2001 na 2003 timu ya Karen Kidd iliitia katika Ziwa 260, ziwa dogo la majaribio jimboni Ontario, Kanada, kwa nanogramu 5 hadi 6 kwa lita. Samaki wadogo wa kiume wakaanza kutengeneza vitelojenini, protini ileile ya kiini cha yai, na idadi ya spishi hiyo ziwani ikaporomoka hadi karibu kwisha. Hao ni samaki, na sitaki kuwahesabu kuwa vyura. Lakini waliishi humo, wakala, wakaogelea. Kilichokoma ni kuzaana.

Nisimame hapa kidogo. Sipendi kabisa namna mjadala huu unavyoishia kuwanyooshea wanawake kidole kwa sababu ya vidonge. Estrojeni za asili hutoka kwa kila binadamu na kila zizi la mifugo. Ng'ombe wa kunenepeshwa, katika nchi zinazoruhusu, hupewa trenboloni, inayofanya kazi ya homoni ya kiume. Bisfenoli A ya plastiki na nonilfenoli inayotokana na baadhi ya sabuni za viwandani huigiza estrojeni bila kuwa homoni. Mtambo wa majitaka hupokea vyote hivyo kwa pamoja, na mitambo mingi haikujengwa kwa ajili ya kuviondoa.

Halafu ipo homoni ya tezi ya thairoidi. Mwaka 1912 J. F. Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi hiyo iliyotoka kwa farasi, nao wakageuka vyura kabla ya wakati wakiwa bado wadogo mno. Ukifanya kinyume, ukaiondoa tezi, kiluwiluwi huendelea kukua, akawa mkubwa kupita kiasi, na hageuki. Pakloreti, chumvi inayotumika kwenye fueli ya roketi na fataki, huizuia tezi isichukue iodini na kuelekea huko huko. Na mambo huanza mapema kuliko tezi yenyewe: ndani ya yai tayari kuna homoni ya thairoidi aliyoiweka mama, na kiinitete huitumia.

Kiluwiluwi asiyegeuka naye yu hai. Jedwali litakuambia hivyo.

## Pale wataalamu walipopishana

Nisingetaka kuandika haya huku nikificha kwamba uwanja huu una ugomvi mkali. Mwaka 2002 Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika kwamba atrazini, dawa ya kuua magugu, ilisababisha madume wa Xenopus kupata viungo vya uzazi vya jinsia mbili, kuanzia kiwango cha mikrogramu 0.1 kwa lita. Kikomo cha Marekani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 3. Mwaka 2010 akaongeza kwamba kwa mikrogramu 2.5, dume mmoja kati ya kumi hivi aligeuka jike kamili.

Katikati yake, mwaka 2009, Werner Kloas na wenzake walichapisha utafiti mkubwa uliofanywa katika maabara mbili, ukilipiwa na mtengenezaji wa atrazini. Haukuona athari ile.

Nimezisoma pande zote mbili na nimebaki na uzito. Huenda koo za vyura zilitofautiana, huenda ulezi, huenda kuna jambo jingine. Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu atrazini mwaka 2004, kwa msingi wa kuwa inaonekana kwenye maji ya ardhini kupita kikomo chao. Hawakusubiri ugomvi wa korodani uishe, na kwa maoni yangu walifanya busara. Ila nimejifunza kutomnukuu Hayes peke yake ninapotaka kushinda hoja.

## Miguu ya Minnesota

Shaka langu kubwa lilitoka kwingine.

Agosti 1995, wanafunzi waliokwenda kuangalia ardhi oevu karibu na Henderson, Minnesota, walikamata vyura wengi wenye miguu iliyopungua, iliyozidi au iliyopinda. Picha zikazunguka dunia. Karibu kila mtu alikuwa na jibu moja: kemikali za mashambani. Miaka minne baadaye Pieter Johnson na wenzake wakaonyesha, kwa vyura wa California, kwamba mnyoo mdogo aitwaye Ribeiroia hujipenyeza kwa kiluwiluwi mahali miguu inapochipukia, na miguu huota vibaya. Sehemu kubwa ya ulemavu uliokuwa umebandikwa jina la sumu ulitokana na kimelea.

Niliacha kuandika kwa muda baada ya kusoma hayo. Kama macho ya watu wengi waliojali yalielekezwa pasipo, kwa nini niyaamini yangu? Tathmini kubwa ya amfibia iliyotoka mwaka 2023 ilipitia spishi zaidi ya 8,000 na kukuta asilimia 41 hivi ziko hatarini kutoweka, na vinavyotajwa mbele ni kupotea kwa makazi, ugonjwa wa ukungu na mabadiliko ya tabianchi. Uchafuzi upo kwenye orodha, lakini haupo kileleni.

Kilichonirudisha ni kusoma mbele kidogo. Mwaka 2002 Joseph Kiesecker alionyesha kwamba viluwiluwi waliokutana na viuatilifu hushindwa zaidi na minyoo hiyo, kwa kuwa kinga yao imepungua. Mwaka 2007 Johnson mwenyewe alionyesha kwamba mbolea inayotiririkia bwawani huongeza konokono wanaobeba kimelea, na maambukizi hupanda. Kemikali ilikuwepo muda wote, ila mkono wake ulipitia kwa mwingine.

Na hapo ndipo nilipolielewa swali langu. Ugonjwa ukimuua chura aliyedhoofishwa tangu alipokuwa yai, cheti cha kifo kitaandikwa ugonjwa. Bwawa likikosa madume, sababu itaandikwa kupungua kwa uzazi. Tathmini zetu husoma mwisho wa mnyama, vipimo vyetu vya sumu husoma siku zake nne za mwanzo, na katikati ya hapo kuna maisha mazima ambayo hakuna aliyepewa kazi ya kuyatazama.

## Metali na homoni kwenye maji mamoja

Nimeandika juu ya metali na homoni kwa zamu, kwa kuwa ndivyo zinavyopimwa. Maji hayazitenganishi. Majitaka ya mji hubeba zote, na kilichonishtua ni kwamba mpaka kati yao wenyewe si imara: tangu mwaka 2000 inajulikana, kutokana na majaribio kwenye seli za saratani ya matiti, kwamba kadimiamu hushikamana na kipokezi cha estrojeni na kukiwasha. Metali ileile iliyopita kwa mlango wa kalsiamu inaweza kuzungumza lugha ya homoni. Sasa iweke kwenye yai pamoja na ethinilestradioli, kila moja chini ya kikomo chake. Kila fomu itasema sawa.

Nilimpelekea rafiki yangu wazo hili, tukabishana sana kwa simu. Hoja yake nzito ilikuwa hii: saa 96 zina sababu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 kuhusu wanyama wa majaribio huanza kumlinda kiluwiluwi anapoanza kula mwenyewe, na Xenopus hufika hapo karibu na saa hizo. Kuacha kabla ya hapo ni kuepuka kumtesa kiumbe anayeweza kuhisi. Nami sikuwa na jibu jepesi. Ninayemtetea ni chura, na ninachoomba ni vyura wengi zaidi wawekwe kwenye maji machafu, kwa muda mrefu zaidi.

Vipimo virefu vipo tayari. OECD, shirika la nchi zilizoendelea linalokubaliana pia juu ya namna ya kupima kemikali, ilipitisha mwaka 2009 kipimo cha siku 21 kinachoangalia kugeuka kwa kiluwiluwi, na mwaka 2015 kingine kinachoanzia kwenye kiinitete na kwenda hadi wiki kadhaa baada ya chura kukamilika, tezi za uzazi zikikaguliwa. Ni ghali, huchukua wiki hadi miezi, na huhitaji wanyama wengi. Havitafanywa kwa kila kemikali, na mimi sidai hivyo.

Ninachodai ni kidogo zaidi. Jaribio la saa 96 likiisha, viluwiluwi wachache wanaoonekana wazima kabisa wahamishiwe kwenye maji safi na kulelewa mpaka miguu itoke na jinsia ijulikane, wakiwa na ulinzi wote ambao sheria huwapa. Karatasi ya matokeo itaje hatua ya kiinitete sumu ilipoanza, ugumu wa maji, na mahali majike waliotaga walipotoka. Maabara nyingi zina matangi, chakula cha viluwiluwi na watu wenye macho mazuri. Kinachohitajika ni nafasi ya rafu kwa wiki nane hivi, na mtu wa kuilipia. Mimi ningeanza na kadimiamu na ethinilestradioli kwa pamoja, kwenye maji yenye kalsiamu kidogo.